Ilimu ya Upepo na Maji: Nyumba, Makaburi na Mizimu katika Uchina

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: na ajue msomaji ya kuwa Wachina wana ilimu ya kale iitwayo fengishui, na maana ya neno hilo ni upepo na maji. Kwa ilimu hiyo huchaguliwa mahali pa kujenga nyumba na mahali pa kuzika maiti. Leo imeenea hata Ulaya na Marekani, na wengi huidhani kuwa ni ufundi wa kupanga vyumba tu. Basi yapasa ijulikane asili yake.

ASILI YAKE. Kitabu kitegemewacho ni Kitabu cha Maziko, nacho hunasibishwa na Guo Pu, aliyekufa mwaka 324. Humo husemwa ya kuwa ardhini mna pumzi ya uhai. Upepo huitawanya, na maji huizuia ikakusanyika. Maiti akizikwa ilipokusanyika, mifupa yake huipokea, na heri hushuka kwa wana na wajukuu wake. Akizikwa pabaya, hasara huwafika. Na wengi waliitakidi ya kuwa mtu ana roho mbili: moja hupanda juu, na ya pili hukaa kaburini pamoja na mwili. Kwa hiyo kaburi kwao ni nyumba, na aliyemo ana mkono katika mambo ya walio hai.

KINGA ZA NYUMBA. Juu ya mlango hutundikwa kioo katika ubao wa pembe nane ili kurudisha shari. Mbele ya lango hujengwa ukuta mfupi, kwani husemwa ya kuwa mizimu hwenda moja kwa moja wala haijui kupinda.

DIRA. Mwalimu wa ilimu hii hushika dira yenye duara nyingi na pande 24. Shen Kuo aliiandika habari ya sindano ya sumaku mwaka 1088, na katika karne iliyofuata yaliandikwa matumizi yake baharini. Sindano ni ile ile. Nahodha huiuliza kaskazini iko wapi, naye hujibiwa kweli. Mwalimu huiuliza bahati iko wapi, na sindano haina jawabu.

MADHARA YAKE. Kuna maiti waliokaa miezi bila ya kuzikwa, wenyewe wakingoja siku njema na mahali pema. Na ndugu wa baba mmoja waligombana, kwani ilisemwa ya kuwa upande huu wa kaburi humtajirisha mkubwa na ule humfukarisha mdogo. Wachina wenyewe wenye akili waliyakataa hayo: Wang Chong katika karne ya kwanza, na Lü Cai katika karne ya saba.

LILILO KWELI NDANI YAKE. Nyumba ya Uchina wa kaskazini iliyoegemea mlima na kuelekea kusini hupata jua, na hukingwa na upepo wa baridi. Hayo ni maarifa ya kujaribu, kama mtu wa pwani afunguavyo madirisha yake kwa upepo wa kusi na wa kaskazi. Wala hapana ubaya.

HUKUMU. Ubaya ni kudai ilimu ya ghaibu, na kutaka heri kwa maiti au kinga kwa majini. Katika Sura ya Jinni imetajwa ya kuwa watu waliojikinga kwa majini hawakuzidishiwa ila taabu. Waislamu wa Uchina huzika upesi, bila ya sanduku, uso wa maiti ukielekea Makka; basi aliyewatangulia hatakiwi kuwapa mali, bali yeye ndiye aombewaye dua.

Wala asiwacheke Wachina mtu achinjaye mbuzi kwenye msingi wa nyumba kwa ajili ya majini, au apigaye ramli ajue siku ya kuhamia. Mlango ni mmoja, ijapokuwa funguo ni mbalimbali. Ajengaye na aswali istikhara, alipe ujira wa mafundi, asimzibie jirani upepo, na nyumbani mwake isomwe Suratul Bakara, kwani Mtume amefundisha ya kuwa shetani huikimbia nyumba isomwayo sura hiyo.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu katika njia iliyonyoka. Amin.