Hadhari Bila Dhana Mbaya: Somo Juu ya Amana na Hadaa

Wako watu wa namna mbili wanaokosea katika jambo la kuhifadhi mali. Wa kwanza haandiki deni, hapimi gunia, wala hafungi mlango. Akiulizwa, husema kwamba amemtegemea Mwenyezi Mungu. Wa pili humdhania kila mtu kuwa mwizi, hata jirani akija kuomba debe moja la mahindi hadi mavuno, hufukuzwa kwa maneno makali. Wa kwanza hupoteza mali yake, na wa pili hupoteza udugu wake. Islam imefundisha njia ya katikati. Makusudio ya somo hili ni kuieleza njia hiyo kwa mifano iliyo karibu na ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi, ambako wakulima huuza mazao kwa wafanyabiashara wa mbali, na wasafiri wa barabara kuu ya kwenda Zambia hupita usiku na mchana.

Tawakkul na hadhari

Imepokewa katika mkusanyo wa Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Alijibiwa kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee.

Mwenendo wa Mtume s.a.w. mwenyewe katika Hijra wathibitisha jambo hili. Alikuwa na ahadi ya Mungu ya kulindwa, lakini alitoka Makka kwa siri, akakaa siku tatu katika pango la Thaur lililo upande wa kusini, hali Madina iko kaskazini. Kiongozi wa njia aliyeajiriwa hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa hodari na mwaminifu katika kazi yake, basi akakabidhiwa ngamia na siri ya safari. Na jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba Sayidna Ali r.a. aliachwa Makka ili awarudishie watu amana zao, ingawa miongoni mwa watu wa mji huo walikuwamo waliokusudia kumwua Mtume s.a.w. Hapa twaona mambo matatu pamoja: kujihadhari na adui, kumwamini astahiliye kuaminiwa bila kujali dini yake, na kutorudisha khiana kwa khiana.

Aya ya deni

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu (2:283) yahusu kuandika deni. Yatuagiza kwamba tukikopeshana kwa muda uliowekwa, tuandike, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Wala tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Lakini aya hiyo hiyo yatoa ruhusa: biashara ya papo kwa papo, mali mkononi na bei mkononi, haina lawama ikiachwa bila kuandikwa. Kisha yakataza mwandishi au shahidi asidhuriwe. Aya inayofuata yawataja wasafiri wasiopata mwandishi, nao wameruhusiwa kushika rehani. Na ikiwa mmoja amemwamini mwenziwe, basi aliyeaminiwa airudishe amana na amche Mola wake.

Yafaa tuuangalie mpango huu kwa makini. Kuandika kuna taabu yake: kunataka karatasi, muda, mtu ajuaye kuandika, na mashahidi walioacha shughuli zao. Mwenyezi Mungu hakuiamuru taabu hiyo mahali pasipo na hatari kubwa. Anunuaye chumvi dukani haitwi mashahidi wawili. Bali bei inapocheleweshwa, hatari huzidi, na hadhari nayo huzidishwa. Hata taabu hiyo haikuruhusiwa kutupwa juu ya mtu mwingine, maana shahidi asidhuriwe. Huu ndio msingi wa kupima kila hadhari: ni kitu gani kinalindwa, hatari yake ni kiasi gani, ulinzi wagharimu nini, na nani alipaye gharama hiyo.

Gunia na mizani

Wakulima wetu wanalijua vizuri neno lumbesa. Gunia hujazwa kupita mdomo wake, huongezewa kilemba juu, hushonwa kwa kamba, kisha mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza ufungashaji wa namna hii, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130. Auzaye magunia kumi ya namna hiyo ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili. Naye huenda hakuhisi kwamba ameibiwa, kwa sababu alihesabu magunia na hakuhesabu kilo.

Je, kila mkulima anunue mizani? La. Gharama yake yaweza kuwa kubwa kuliko hasara ya mwenye magunia mawili. Lakini wakulima ishirini wakichanga, wakawa na mizani moja iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, gharama ya kila mmoja huwa ndogo sana mbele ya kilo 300. Na mtu akimgawia jirani yake kisado cha unga, hana haja ya mizani wala mashahidi.

Haki hiyo ni ya pande zote mbili. Sura ya 83 yaanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia hutaka kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Na imo katika Sahihi Muslim kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta unyevu chini. Mwenyewe alipodai ni mvua, aliambiwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na kwamba mwenye kudanganya si miongoni mwake. Basi mkulima achanganyaye mchanga na ufuta wake hana ruhusa ya kumlaumu mwenye lumbesa.

Simu na stendi

Siku hizi mwizi hahitaji kufika Kilosa. Hutuma maneno kwa watu wengi mara moja: “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Hajui nani ana deni, hutumaini tu kwamba kati ya wengi yumo mmoja anayedaiwa kodi au ada. Mwingine hutuma ujumbe wa uwongo kwamba fedha zimeingia, kisha hupiga simu akilia kuwa amekosea, arudishiwe upesi. Kurani Tukufu (49:7) imeagiza kwamba mtu mwovu akileta habari, ichunguzwe kwanza, tusije tukajuta. Uchunguzi hapa ni kazi ya dakika moja: tazama salio lako, au mpigie mwenye deni kwa namba yake uliyoizoea. Anayedai amekosea kutuma, aende kwa kampuni yake, maana njia ya kurudisha muamala ipo huko. Namba ya siri haipewi mtu yeyote. Namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Ukitazama, utaona kwamba silaha ya matapeli wote ni haraka. Kwenye stendi kama ya Mikumi, ambapo basi husimama kidogo tu, auzaye pete ya dhahabu ya bandia na achezeshaye karata tatu hutegemea honi ya basi. Apataye haraka isiyotoka kwake mwenyewe, na asimame kwanza.

Faida isiyo na kazi

Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, ambayo ilikuwa imewavuta watu wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna fedha. Mipango ya namna hii haina shamba wala kiwanda. Wa kwanza hulipwa kwa fedha za wanaofuata. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa kila mtu ahitaji watu watatu wapya ili alipwe, basi mmoja huhitaji 3, hao 9, hao 27, na katika hatua ya kumi na mbili watahitajika watu 531,441. Wilaya nzima ya Kilosa katika sensa ya mwaka 2012 ilihesabiwa watu 438,175, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo kuanguka kwake hakutokani na bahati mbaya. Kumo ndani ya mpango wenyewe. Na wanaoangukiwa wa mwisho ndio wengi kuliko wote.

Hadhari isiyozidi mpaka

Barabara kuu yapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Wanyama huvuka, kwa hiyo matuta yamewekwa na madereva hutakiwa kupunguza mwendo. Kila msafiri hupoteza dakika chache ili uhai uokolewe. Lakini barabara haikufungwa. Hivyo ndivyo hadhari ya Mwislamu iwavyo. Katika Sura ya 4:103 Waislamu walio vitani waliamriwa kwamba kundi moja lisali na jingine lilinde, kisha wabadilishane. Ulinzi haukuondoa Sala, na Sala haikuondoa ulinzi.

Tukumbuke pia kwamba Kurani (49:13) imetuonya tujiepushe sana na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Kuandika deni hakumtukani ndugu; humlinda yeye na warithi wake. Lakini kumnyima maskini mkopo mdogo kwa sababu tapeli fulani alitudanganya mwaka jana, ni kumtoza mwaminifu faini ya mwizi. Muumini, kama tufundishwavyo katika Hadithi, haumwi mara mbili katika tundu moja; tundu lile aliepuke, wala asiikimbie nchi nzima.

Mwisho, hakuna kufuli lililo bora kuliko watu waaminifu. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipotangaza masharti kumi ya Baiat mwaka 1889, katika sharti la pili aliwataka wafuasi wake wajiepushe na uwongo na khiana. Kijiji ambacho watu wake wanalitimiza sharti hilo chahitaji mizani chache, mashahidi wachache na walinzi wachache, na gharama hiyo iliyookolewa huwa chakula cha watoto.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalifu wa mali zetu, waaminifu kwa mali za wenzetu, na wenye dhana njema kwa waja Wake. Amin.