Slaidi Chache, Ubao Wazi: Masomo Mawili ya Kiswahili Masisi na Walikale

Utangulizi

Makala hii inaeleza masomo mawili niliyofundisha wakati wa mazoezi ya ualimu katika Kivu Kaskazini, moja Masisi na jingine Walikale, nikitumia programu ya PowerPoint. Programu hiyo ilitoka mwaka 1987, ikikusudiwa watu wa biashara waliohitaji kuonyesha mipango yao mikutanoni. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtoto asiye na kitabu. Nilisahau jambo hilo, nikaanguka. Nalieleza ili wenzangu walikumbuke kabla hawajapanda barabara ya Sake na projekta mgongoni.

Somo la kwanza: Masisi

Mada ilikuwa upatanisho wa ngeli ya KI-VI, darasa la nne la shule ya msingi. Niliandaa slaidi 18: maana ya ngeli, kanuni, jedwali, mifano, zoezi. Nilitundika shuka nyeupe mbele ya ubao, nikaziba madirisha kwa turubai, nikaanza. Watoto waliishangilia picha ya kwanza. Kisha wakanyamaza, wakainama, wakanakili. Ukimya ule niliudhania kuwa usikivu.

Kwenye slaidi ya saba msichana mmoja aliinua mkono: “Mwalimu, maneno yenye ilikuwa pale imeenda wapi?” Familia yake ilikuwa imekimbia kijiji chao, na daftari lile ndilo lililokuwa kitabu chake pekee. Nilirudisha slaidi ya sita. Kumbe wengine walikuwa bado kwenye ya nne. Kipindi kikaisha tukienda mbele na kurudi nyuma. Nilipokusanya madaftari nilikuta kanuni zimekatika katikati, na nilipouliza kwa mdomo nikajibiwa: “kitabu yangu”.

Kosa halikuwa la watoto. Ubao hujazwa kwa mwendo wa mkono wa mwalimu, unaokaribiana na mwendo wa mkono wa mwanafunzi, na kilichoandikwa hubaki mpaka kifutwe. Slaidi huja nzima na huondoka nzima. Tena, kwa kuufunika ubao nilikuwa nimewanyang'anya watoto ukurasa wao. Kabla ya kuondoka niliomba kipindi kimoja cha ziada, nikaandika kanuni ile kwa chaki, polepole, hadi wa mwisho alipomaliza.

Somo la pili: Walikale

Walikale nilikwenda na slaidi 5, hakuna hata moja yenye kanuni. Zote zilikuwa picha nilizopiga kwa simu sokoni pale pale: kitunguu kimoja, vitunguu vingi, kisu, visu, kiti kilichovunjika mguu. Shuka niliitundika pembeni. Ubao ukabaki wazi.

Nilionyesha picha ya vitunguu, nikauliza ni vya nani. “Bitunguu ya mama!” Ubaoni nilichora safu mbili: “Tunavyosema nyumbani” na “Tunavyoandika”. Kushoto nikaandika bitunguu ya mama; kulia, vitunguu vya mama. Sikumwambia mtoto yeyote kwamba Kiswahili cha kwao ni kibovu. Katika picha ya visu walikuja wenyewe kujaza safu ya kulia, na mvulana mmoja akatangaza kanuni kabla yangu: jina likibadilika, neno linalolifuata nalo hubadilika.

Kisha mvua ikaanguka juu ya mabati. Kwa kawaida sauti ya mwalimu huishia hapo na kipindi huvunjika. Siku ile picha ziliendelea: nilionyesha kiti, wakaandika sentensi, nikapita kati ya madawati nikisahihisha kwa kidole. Hapo ndipo nilipoona projekta ikifanya kazi ambayo chaki peke yake isingeiweza.

Mafunzo

1. Kinachopaswa kunakiliwa kiandikwe ubaoni. Slaidi ionyeshe kile ambacho chaki haiwezi kuchora.

2. Ukitaka macho yarudi kwako, bonyeza herufi B wakati wa onyesho: skrini huwa nyeusi. Ukibonyeza tena, picha hurudi.

3. Piga hesabu ya umeme. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na betri ya asidi si vizuri kuitumia kupita nusu. Projekta ya wati 250 na kompyuta ya wati 50 hula wati 300. Hizo ni saa mbili, tena pungufu, kwa sababu inveta nayo hula sehemu yake.

4. Andaa somo linaloweza kuendelea hata betri ikizima.

Hitimisho

Walikale ni nchi ya Wanyanga, ambao utendi wao wa Mwindo, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, ulisimuliwa kwa sauti, nyimbo na ngoma. Huko watu hawakungoja mashine iwafundishe namna ya kushika masikio ya wasikilizaji. Kinachowakosa watoto niliowafundisha ni kitabu. Projekta inaweza kuwasaidia, ila isisimame mbele ya ubao, kwa maana mpaka sasa ubao ndio kitabu chao.