Umeitwa Kwenye Usaili Ukiwa Mjamzito

Swali huja kwa upole, usaili ukikaribia kwisha: "Dada, umeolewa? Na watoto je, unatarajia?" Kwa Tanzania Bara, mwajiri anayekunyima kazi kwa sababu ya jibu lako anavunja sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, ndoa na majukumu ya kifamilia. Tena kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mwajiriwa, na wakala wa ajira kuwa mwajiri.

Sheria hiyo haikulazimishi kutaja mimba kwenye barua ya maombi. Wajibu wa kutoa taarifa ni wa aliyekwisha kuajiriwa: angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Mimi ningenyamaza mpaka mkataba usainiwe, labda kazi yenyewe iwe ya kemikali au ya kubeba mizigo. Hapo sema mapema.

Panapowaumiza wengi ni kwenye mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa waliojifungua mapacha. Lakini kifungu cha 29 kinamnyima likizo yenye malipo mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini. Piga hesabu kabla ya kusaini: ukianza kazi Januari na likizo ikaangukia Mei, mwajiri halazimiki kukulipa. Akikubali kwa hiari yake, yaandikwe kwenye mkataba, maana ahadi ya mdomo ya ofisa utumishi huhama naye. Hata bila malipo, wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua huruhusiwi kurudi kazini bila kibali cha daktari. Ukisharudi, unayo haki ya kunyonyesha saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Ukinyimwa kazi, fungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Ukionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea. Kwa hiyo tunza tangazo la kazi, tarehe ya usaili na majina ya waliokuhoji. Meseji ya "tungekuchukua, ila hali yako..." usiifute kwa hasira, ipige picha, namba ya aliyeituma ionekane.