Kufungua Kilichoganda: Kabureta ya Pikipiki kama Somo la Kutafuta Chanzo

Makala haya yanawahusu wanachuo wanaojiandaa kufundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tumechagua kazi ambayo wanafunzi wengi wameiona ikifanywa uani kwao, nayo ni kufungua, kusafisha na kuunga upya kabureta ya pikipiki. Katika kazi hiyo tutashughulikia hatua moja tu, ile inayowashinda wengi, yaani kuondoa sehemu zilizoganda. Hapo ndipo kabureta nyingi huharibiwa, na hapo ndipo mwanafunzi anapoweza kujifunza kwamba chanzo hutafutwa kabla ya nguvu kutumika.

Kabureta na sehemu zake

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla hazijaingia katika injini. Chini yake mna bakuli la petroli, na ndani ya bakuli mna boya ambalo hufungua na kufunga njia ya mafuta, kama boya la tangi la maji. Petroli hupanda kupitia jeti, yaani vipande vidogo vya shaba ya manjano vyenye tundu jembamba. Katika pikipiki ndogo, tundu la jeti ya mwendo wa polepole mara nyingi halifiki nusu ya milimita. Mwili wa kabureta hutengenezwa kwa zinki au alumini iliyochanganywa na madini mengine. Madini hayo ni laini, na sehemu zake nyembamba huvunjika upesi.

Vyanzo vitatu vya kuganda

Chanzo cha kwanza ni masalio ya petroli. Pikipiki ikikaa miezi mingi bila kuwashwa, sehemu nyepesi za petroli hugeuka mvuke na kuacha masalio ya kahawia yanayonata kama gundi.

Chanzo cha pili ni kuliwa kwa madini. Maji yaliyomo katika mafuta ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini ya bakuli. Huko hula zinki na alumini, na dalili yake ni unga mweupe.

Chanzo cha tatu ni mkono wa binadamu, yaani skrubu iliyokazwa kupita kiasi au kichwa kilicholiwa na bisibisi isiyolingana nacho. Pikipiki nyingi za Kijapani zina skrubu za msalaba za vipimo vya Kijapani. Bisibisi ya aina ya Phillips huonekana kuingia vizuri, lakini ikizungushwa kwa nguvu huruka na kukila kichwa.

Njia za kufungua

Kila chanzo kina dawa yake. Masalio ya kahawia hulainishwa kwa dawa ya kusafishia kabureta. Sehemu iliyoshikwa na unga mweupe hupakwa mafuta membamba ya kulegezea kutu, ikaachwa usiku kucha. Kwa skrubu, bisibisi sharti ijaze nafasi yote ya kichwa na kusimama wima.

Jeti ikikataa bado, tunatumia joto. Madini hutanuka yakipata joto, lakini hayatanuki sawasawa. Fimbo ya alumini yenye urefu wa mita 1, ikiongezewa joto la nyuzi 100 za Sentigredi, hurefuka kwa karibu milimita 2.3, ya shaba ya manjano hurefuka kwa karibu milimita 1.9. Zinki hutanuka kuliko zote mbili. Kwa hiyo, mwili wa kabureta ukitumbukizwa katika maji yanayochemka, tundu linaloishika jeti hupanuka kuliko jeti yenyewe, na mshiko hulegea. Kabla ya hapo, petroli yote iwe imeoshwa, na mipira na boya viwe vimetolewa.

Wakati wa kuzungusha, tuanze kwa kuikaza sehemu hiyo kidogo sana, kisha tuilegeze. Mara nyingi mwendo huo huvunja ule mshiko. Pini ya boya inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa imeshikwa na nguzo mbili nyembamba. Baadhi ya pini zina kichwa upande mmoja, nazo hutoka kwa upande huo tu. Nguzo ikivunjika, mara nyingi kabureta nzima hutupwa. Aidha, tundu la jeti lisichokonolewe kwa waya wa chuma, maana likipanuka kidogo tu, kipimo cha mafuta huharibika.

Kuliandaa somo

Mwalimu aombe kwa fundi kabureta iliyokwisha kutupwa. Kamwe asitumie ya pikipiki inayofanya kazi, kwa sababu mzazi mwendesha bodaboda huilisha familia yake kwa chombo hicho. Kabureta ioshwe na kukaushwa kabla ya kuletwa darasani. Petroli isiingie darasani hata kidogo: mvuke wake huweza kuwaka hata katika baridi ya kugandisha maji, tena ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kuufikia moto ulio mbali. Maji ya moto yashikwe na mwalimu peke yake.

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watano watano. Kabla ya kugusa kifaa chochote, kila kikundi kiandike majibu ya maswali haya:

1. Ni sehemu gani iliyoshika?
2. Tunaona dalili gani, nayo inaonyesha chanzo gani?
3. Njia ipi ni nyepesi kuliko zote, ili tuanze nayo?

Hapa mwanachuo atashawishika kumnyang'anya mwanafunzi bisibisi na kumaliza kazi mwenyewe. Ajizuie. Kikundi kikikwama, kiulizwe tena kuhusu dalili: je, ni unga mweupe au masalio ya kahawia? Mwanafunzi aliyeambiwa jibu atafungua jeti moja. Aliyeongozwa kuisoma dalili ataweza kufungua nyingine bila mwalimu.

Kupima maendeleo

Tusitoe alama kwa wingi wa sehemu zilizofunguliwa. Tutazame kama chanzo kilichotajwa kinalingana na dalili, na kama sehemu imetoka nzima. Kikundi kilichosimama na kusema, "Chanzo hatujakipata," kipewe alama nyingi kuliko kilichofungua haraka na kuvunja nguzo. Tukikisifu kile cha pili, tutakuwa tumewafundisha wote kutumia nguvu, hata kama maneno yetu ubaoni yalisema vingine.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andaa jaribio rahisi la kuwaonyesha wanafunzi kwamba madini hutanuka yakipata joto, bila kutumia kabureta.
2. Kikundi kimoja kimekula kichwa cha skrubu. Andika maswali matatu utakayokiuliza kabla ya kukisaidia.
3. Chagua kazi nyingine ya nyumbani ambamo kitu huganda, kama vile kufuli au bomba la maji. Orodhesha vyanzo, dalili na njia, ukianzia na iliyo nyepesi.