Wanaonja, Wanasema "Nitarudi", Hawarudi

Shangazi, shikamoo. Mwaka jana nilikodi banda kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba kuuza asali ya Tabora. Watu walionja, wakasifia, wakasema "nitarudi". Hawakurudi. Jirani yangu, mwenye asali kama yangu, alimaliza mzigo. Mume wangu anasema nina nuksi. Nirudi tena au niache?
Muuza Asali, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Nuksi haihusiki. Umenieleza wateja walivyosema. Hukunieleza wewe ulikaaje.

Pale viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, mtu hupita mabanda chungu nzima kwa siku moja. Kabla hajasoma bango lako, ameshakusoma wewe. Akikukuta umeketi nyuma ya meza umeinamia simu, ataona anakuja kukusumbua. Ukisimama katikati ya mlango na kumkazia macho, ataona mtego. Simama ubavuni mwa meza, mikono iwe na kazi: futa chupa, panga vijiko. Msalimie, kisha mwache aangalie.

Nawe msome, ukianzia miguuni. Mtu anaweza kutabasamu kwa heshima huku viatu vyake vimeshaelekea njiani. "Nitarudi" ya huyo ni kwaheri. Mpe kadi, mshukuru, usimng'ang'anie. Ila anayegeuza chupa kutafuta alama ya ubora ya TBS, au anayemwita mwenzake aje aonje, huyo bado yupo. Mtajie bei, halafu nyamaza. Wauzaji wengi huharibu hapo: mteja yuko kimya anapiga hesabu, wao wanadhani amekataa, wanashusha bei bila kuombwa.

Macho yasikudanganye. Kijana akiangalia chini mbele yako, huenda ni adabu aliyofunzwa kwao. Aliyekunja mikono huenda amechoka kutembea. Dalili moja haitoshi. Subiri ya pili.

Kijiko cha kuonja toa kwa mkono wa kulia, na kwa mzee shika kwa mikono miwili. Kwa mwanamume usiwe wa kwanza kunyoosha mkono, maana wapo ambao dini yao haiwaruhusu kumshika mwanamke asiye wao. Akiunyoosha yeye, mpokee; asiponyoosha, kiganja kifuani na salamu vinatosha.

Rudi, mwanangu. Na huyo mumeo nenda naye, asimame ng'ambo ya njia akutazame saa nzima. Akikuona umeinamia simu, aipigie hiyohiyo akwambie: inua uso, mteja huyo.