Sahir Ludhianvi, Mtunzi Aliyedai Haki Yake

Wengi wetu tumepata kusikia nyimbo za sinema za Kihindi, maana katika miji ya Afrika ya Mashariki zimepigwa madukani na katika majumba ya sinema kwa miaka mingi. Ukimwuliza mtu habari za wimbo mmojawapo, atakutajia mwimbaji, au mchezaji aliyeonekana akifumbua kinywa. Lakini mwulize, "Maneno yake yalitungwa na nani?" Hapo atanyamaza. Leo nataka kueleza habari za mtunzi mmoja ambaye hakuridhika na kimya hicho.

Mtu huyo ni Sahir Ludhianvi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Abdul Hayee, naye alizaliwa tarehe 8 Machi 1921 katika mji wa Ludhiana, jimbo la Punjab. Desturi ya washairi wa Kiurdu ni kujichagulia jina la utunzi. Yeye alijiita Sahir, maana yake mchawi. Na sisi tunaosema Kiswahili twalitambua mara moja, kwa kuwa neno letu "sihiri" lina asili ile ile ya Kiarabu. Ludhianvi maana yake ni mtu wa Ludhiana.

Baba yake alikuwa tajiri mwenye mashamba makubwa. Mama yake, Sardar Begum, hakuweza kuvumilia maisha ya nyumba ile, akaondoka pamoja na mwanawe. Baba alishtaki ili amchukue mtoto, lakini mtoto akabaki kwa mama. Basi mwana wa tajiri akakulia katika shida. Nadhani ndiyo sababu tungo zake nyingi zinawatetea wanyonge na wanawake walioonewa.

Alisoma katika Chuo cha Serikali cha Ludhiana, kisha akaenda Lahore. Huko alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Talkhiyan, yaani Machungu, naye wakati huo hakuwa amewazidi sana kwa umri wanafunzi wakubwa wa shule kama yetu. Shairi lake moja mashuhuri lahusu Taj Mahal, kaburi la marumaru ambalo mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631. Watu wote hulisifu jengo hilo kuwa ni alama ya mapenzi. Sahir aliuliza habari za mafundi waliolijenga: je, wao hawakuwa na wapenzi wao? Mbona makaburi ya hao hayana hata taa?

Baada ya India kugawanyika mwaka 1947, Sahir alikuwa mhariri wa gazeti la Savera huko Lahore. Maandishi yake yaliikasirisha serikali ya Pakistan, ikatoa amri akamatwe. Mwaka 1949 akakimbilia Delhi, na baadaye akahamia Bombay, mji wa sinema. Mwaka 1951 nyimbo zake katika sinema za Naujawan na Baazi zilipendwa sana, naye akawa mtu wa kutafutwa.

Yatupasa kufahamu jinsi kazi ile inavyofanywa. Mara nyingi fundi wa muziki hutengeneza sauti kwanza, kisha mshairi hutafuta maneno ya kuingia humo, kama mshonaji aliyepewa kipimo cha mtu asiyemwona. Kwa hiyo mshairi alihesabiwa kuwa mdogo. Sahir alikataa jambo hilo. Alidai malipo ya kumstahili, na alidai Redio ya India itaje jina la mtunzi wa maneno pamoja na la mwimbaji na la fundi wa muziki. Madai hayo hayakumfaa yeye peke yake, bali na watunzi wenzake. Lakini msimamo wake ulikuwa na gharama. Mwaka 1957 ilitoka sinema ya Pyaasa, yaani Mwenye Kiu, iliyotengenezwa na Guru Dutt. Ni habari ya mshairi maskini ambaye ndugu zake waliuza mashairi yake kama karatasi chakavu, na watu hawakumheshimu mpaka walipodhani amekufa. Sinema hiyo ilisifiwa mno, lakini baada yake Sahir na fundi wa muziki S. D. Burman hawakufanya kazi pamoja tena.

Mwaka 1964 alipata tuzo ya Filmfare kwa wimbo wa sinema iitwayo Taj Mahal. Tazameni maajabu! Yule aliyelilaumu kaburi la mfalme alituzwa kwa kuimbisha mapenzi ya mfalme yule yule. Wengine watasema aliuza kalamu yake. Mimi nasema alikuwa mfanyakazi aliyetimiza kazi aliyopewa, na shairi lake la kwanza halikufutika. Mwaka 1971 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Alifariki Bombay tarehe 25 Oktoba 1980, hakuoa.

Sisi wanafunzi twanakili nyimbo nyingi katika madaftari yetu, na ninyi wazee wa shule mngali mnazikumbuka zile za zamani. Naomba jambo moja dogo: tunakilipo wimbo, tuandike chini yake jina la aliyeutunga. Na kama hatulijui, tuulize kabla wanaolijua hawajaondoka.