Urafiki wa Watawala kwa Punje za Maharage

Katika mchezo wa kompyuta wa Civilization IV, uliotoka mwaka 2005, kila mtawala anayeendeshwa na mashine huweka hesabu ya jirani zake: biashara ya haki huongeza urafiki, ugomvi wa mpaka huupunguza. Hesabu hiyo twaweza kuifanya darasani kwa punje za maharage: Kibondo, kundi moja liwe Muhambwe, Kasulu, jingine liwe Heru.

Lakini mchezo huo, kwa maoni yetu, haufiki mbali. Katika ubugabire wa Waha, ng'ombe aliyetolewa hakuwa punje moja tu. Alizaa, na wajibu wa utumishi na ulinzi ukaendelea baina ya mtoaji na mpokeaji. Basi wanafunzi waulizwe: punje hii itaondolewa lini, na kwa idhini ya nani?